Mmea Unaotega Nzi kwa Ulimbo

Ndugu msomaji, tukisikia kwamba mtu fulani anafuga kitu nyumbani kwa ajili ya kujifurahisha tu, fikra zetu huenda upesi kwa njiwa, sungura, au kasuku katika kizimba. Mmea hatuuhesabu miongoni mwa vitu vya kufugwa. Mmea hupandwa, hupaliliwa, huvunwa na kuliwa, basi. Leo nataka tuzungumze juu ya mmea ambao kweli hufugwa, kwa maana nao una mlo wake kama njiwa na sungura. Mlo huo ni wadudu, na mmea wenyewe waweza kukaa barazani kwako ndani ya kopo lisilogharimu hata senti moja.

MTOTO NDIYE ALIYEUONA

Sikuugundua mimi. Ilikuwa mwezi wa Machi, mvua zimekolea, nami nilitoka nyumbani Ipuli asubuhi ya Jumapili pamoja na binti yangu, wakati huo akiwa darasa la tano, kwenda kutazama majaruba yetu ya mpunga. Wenyeji wa Tabora wanajua namna nchi yetu ilivyolala. Juu kuna mchanga na miti ya miombo. Chini kuna mbuga yenye udongo mzito mweusi. Na baina ya hivyo viwili kuna ukingo ambapo maji huchuruzika kutoka mchangani muda wote wa masika. Ukingo huo hauna sifa. Nyasi zake ni fupi na chache, mkulima huupita bila kuutazama, na ng'ombe hawakawii hapo.

"Baba," binti yangu akaniita kutoka nyuma, "njoo uone, jani limemkamata nzi."

Nilimjibu kama tuwajibuvyo watoto tukiwa na haraka: nikamwambia nzi huyo amekwama matopeni. Yeye hakuondoka. Ikanibidi nirudi na kuchutama kando yake. Mmea wenyewe haukuzidi urefu wa kiganja changu. Majani yake yalikuwa membamba kama uzi, yamejaa nywele nyekundu, na kwenye ncha ya kila unywele palikuwa na tone linalometameta mithili ya umande, ilhali jua lilikwisha kupanda na umande wa asubuhi ulikwisha kukauka zamani. Nikaligusa tone moja kwa kidole. Likanivutika kama utomvu. Halikuwa umande, lilikuwa ulimbo.

Aliyekulia kijijini hahitaji kuelezwa ulimbo ni kitu gani. Tulichemsha utomvu wa miti, tukapaka kijiti, tukakiweka mahali ndege wanapopenda kutua, kisha tukajificha. Mmea ule ulikuwa ukifanya kazi hiyo hiyo, ila mtegaji na mtego wake ni kitu kimoja, na hana haja ya kujificha.

KWA NINI MMEA ULE NYAMA

Wataalamu huuita mmea huo drosera. Zipo drosera za aina nyingi duniani, na kadha wa kadha huota katika Tanzania. Ile yenye majani membamba, idumuyo msimu mmoja tu, ni drosera indika. Linnaeus wa Sweden aliipa jina hilo mwaka 1753, nayo huota Afrika ya kitropiki na Asia pia. Ukijumlisha mimea yote ya dunia yenye tabia ya kula wadudu, wataalamu huhesabu aina zipatazo 800.

Nzi au usubi akitua juu ya jani akidhani amepata maji matamu, miguu yake hunasa. Akijitahidi kujinasua, hugusa nywele zaidi. Nywele za jirani huanza kuinama polepole kumwelekea, na katika aina nyingine jani lote hujikunja juu yake. Mdudu hufa kwa kukosa hewa ndani ya ulimbo. Kisha jani hutoa maji yenye vimeng'enya, yafananayo kwa kazi na yale ya tumboni mwetu, yakamyeyusha mdudu sehemu zake laini. Baada ya siku chache hubaki ganda kavu ambalo upepo hulichukua.

Hapa yafaa tuondoe dhana moja. Mmea huu hauishi kwa nyama badala ya jua. Sukari yake huitengeneza kwa mwanga, maji na hewa, sawasawa na mhindi au mchungwa. Kinachopungua ni naitrojeni na fosforasi, ambazo mimea mingine huzipata udongoni kwa mizizi. Katika ule ukingo wa mchanga, maji huosha rutuba hiyo mwaka baada ya mwaka. Mimea yenye kutaka shibe imehama; drosera imebaki kwa sababu imepata njia nyingine ya kujaza pengo. Mdudu kwake ni mbolea.

MZIGO WA MPAGAZI

Pengine msomaji wa Tabora atasema haya ni mambo ya mbali na kwetu. Sivyo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa, na tumezoea kukumbuka kwamba ilipitisha pembe za ndovu, vitambaa, shanga, na watu waliotiwa minyororo. Ilipitisha pia majani makavu. Mwezi Januari 1861 Speke na Grant waliingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu, wakielekea kutafuta chanzo cha Nile. James Grant alikuwa akichuma mimea njiani na kuikausha baina ya karatasi. Taarifa ya mimea ya safari ile ilichapishwa London kati ya mwaka 1872 na 1875. Vitabu vina jina la Grant. Vichwa na mabega yaliyobeba mizigo ya misafara ya namna ile yalikuwa ya wapagazi, na Wanyamwezi walikuwa mashuhuri kuliko wote katika kazi hiyo.

Mwaka 1860, mwaka ule ule msafara huo ulipoondoka Unguja, Charles Darwin alikuwa mapumzikoni kusini mwa Uingereza akaona jinsi drosera ya huko ilivyonasa wadudu wengi. Hakuiacha tena. Alizipa nywele zake vipande vya nyama, ute wa yai, vipande vya kioo na vitu vingine vingi, akaona kwamba jani hushikilia kwa muda mrefu kile chenye naitrojeni na hukiachilia mapema kisicho na faida. Kitabu chake juu ya mimea ilayo wadudu kilitoka mwaka 1875. Miaka mitatu baadaye, 1878, mwanawe Francis alionyesha kwamba drosera zilizolishwa huzaa mbegu nyingi zaidi na nzito kuliko zile zilizonyimwa. Chombo kikubwa katika kazi hiyo kilikuwa subira, na hiyo haiuzwi dukani.

WEMA ULIOUUA MMEA

Sasa niungame kosa langu. Asubuhi ile tuling'oa mmea mmoja pamoja na udongo wake, tukaufunga katika jani la mgomba, tukarudi nao Ipuli. Nilitaka uishi maisha mema kuliko ya porini. Nikautoa katika mchanga wake maskini, nikaupanda katika kopo lenye udongo mweusi uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Nikaumwagilia maji ya bomba asubuhi na jioni. Jioni ya tatu nikakata kipande cha nyama ya ng'ombe kadiri ya punje ya mahindi, nikakilaza juu ya jani.

Mama watoto alinitazama, akauliza kama na mchuzi nitautia.

Siku ya tano lile jani likageuka jeusi na kutoa harufu. Siku ya nane matone yote yalikuwa yametoweka. Kabla juma la pili halijaisha mmea ulikuwa umelala chini. Binti yangu hakulia, ila aliuliza swali zito kuliko machozi: "Baba, kule ulikuwa unapewa nini?" Nikamjibu kweli: ulikuwa haupewi kitu. Nilikuwa nimeupa kila kitu ambacho mimi ningekitaka kama ningekuwa mhindi. Mizizi ya mmea wa ardhi maskini haistahimili mbolea wala chumvi zilizomo ndani ya maji ya kisima na bomba. Na jani linalotosheka na usubi haliwezi kumeng'enya kitoweo. Ndugu wazazi, nadhani si mimea peke yake inayoumizwa kwa wema wa namna hii.

NAMNA YA KUUFUGA

Tulijaribu tena mwezi ule ule, safari hii tukiufuata mmea unavyotaka. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, chombo. Kopo la plastiki au ndoo kuukuu ya rangi iliyosuguliwa ikatakata yafaa sana, mradi itobolewe matundu chini. Kopo la bati halifai, kwani hupata kutu.

Pili, udongo. Chukua mchanga mweupe, uoshe kwa maji ya mvua mara tano au sita mpaka maji yatoke safi, kisha uchanganye na udongo kidogo wa pale pale mmea ulipoota. Usitie samadi, wala majivu, wala mbolea ya dukani.

Tatu, maji. Tumia maji ya mvua tu. Msimu wa mvua wa Tabora huanza takriban Novemba hadi Aprili. Pipa moja chini ya bati latosha kwa makopo mengi. Weka kopo ndani ya sahani yenye maji ya kina cha vidole viwili, mchanga uyanywe wenyewe kutoka chini. Ukimwagilia kwa juu utaosha ulimbo.

Nne, jua. Drosera inataka jua la nusu siku au zaidi. Ikikaa kivulini nywele zake hufifia na matone hupungua.

Tano, chakula. Iache ijitafutie. Iliyo nje barazani haitakosa usubi na nzi wadogo.

Kuna hadhari moja isiyo ya mzaha. Ile sahani ya maji ni mahali mbu anapopatafuta. Katika mji wenye malaria kama wetu, burudani yoyote inayozalisha mbu ni hasara. Yamwage maji hayo kila baada ya siku tatu, usugue sahani, kisha utie mengine. Mbu huhitaji takriban juma moja kutoka yai hadi kuruka, basi hatapata nafasi. Na pipa la maji ya mvua lifunikwe kwa chandarua au kitambaa, kisikazwe kwa kamba mbovu.

Ifikapo Mei au Juni, drosera hii ya msimu mmoja itakauka. Usidhani umekosea tena. Tazama vikonyo vyake: mna mbegu nyeusi ndogo kama vumbi la tumbaku. Zikung'ute juu ya karatasi, zikunje, uziweke mahali pakavu kiangazi kizima. Mvua za kwanza zikianza, zinyunyize juu ya mchanga uliolowa wala usizifukie, kwani zinataka mwanga ili ziote.

NDUGU YAKE WA MAJINI

Asiye na nafasi ya makopo anaweza kuanza na chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Katika madimbwi ya mbugani na majaruba ya mpunga huelea mmea usio na mizizi, wenye nyuzi za kijani na vijiua vya manjano au vya zambarau vinavyotokeza juu ya maji. Huyo ni utrikularia. Juu ya nyuzi hizo kuna vibofu vidogo, vingi vyao havifiki ukubwa wa punje ya ulezi. Kila kibofu hujisukumia maji nje mpaka kuta zake zikabonyea, na mlango wake ukafungwa. Kijidudu cha majini kikigusa vinywele vilivyo mlangoni, mlango hufunguka, kibofu hujitanua, na maji humezwa pamoja na mgeni. Wanasayansi waliopima jambo hilo kwa kamera za kasi walitoa taarifa mwaka 2011 kwamba lote hukamilika kabla haijatimia sehemu ya elfu moja ya sekunde. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuliona, lakini mtoto mwenye lenzi ataona vibofu vilivyokuwa vitupu jana, leo vina doa jeusi ndani. Peter Taylor, aliyetumia miaka mingi kuichunguza mimea hiyo, aliandika sehemu yake katika orodha kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki mwaka 1973.

Mkoa wetu una makao makubwa ya mimea ya majini. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, inayoenea magharibi mwetu, ina hekta 3,250,000, nayo iliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2000, ikiwa ya kwanza kutoka Tanzania. Mto Ugalla nao umo ndani ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019. Humo tusiende na jembe wala mfuko wa kukusanyia; tosheka na dimbwi lililo karibu na nyumba yako.

KUKUSANYA KUSIWE KUMALIZA

Mimea hii ina wapenzi duniani kote, na si wote wenye adabu. Ule mmea mashuhuri ambao jani lake hufumba kama kitabu juu ya nzi huota porini katika majimbo mawili tu ya Marekani, North Carolina na South Carolina. Wezi waliuchimba kwa ajili ya kuuza hata North Carolina ikapitisha sheria, iliyoanza kutumika Desemba 2014, kwamba kuuiba katika sehemu zake za asili ni kosa kubwa la jinai. Mimea yenye mitungi, ambayo jirani zetu wa Shelisheli na Bukini wanayo, imewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Mfaransa Flacourt, aliyeueleza mmea wa mtungi wa Bukini mwaka 1658, aliandika kwamba wenyeji hawakupenda kuuchuma, wakisema auchumaye njiani huleta mvua siku hiyo. Yeye na wenzake waliuchuma, mvua isinyeshe. Lakini imani ile, kweli au si kweli, ilikuwa inaulinda mmea.

Kwetu hakuna mwizi wa drosera. Kuna jambo jingine. Mwaka uliofuata tulikwenda kwenye ukingo wetu mwezi wa Machi. Hatukuukuta. Palikuwa na mashimo marefu yaliyojaa maji, na kando yake tanuri mbili za matofali, moja ikingali na moshi. Vijana waliokuwa wakifyatua walitusalimu vizuri. Binti yangu alizunguka mashimo yote akitazama chini, asipate hata mmea mmoja. Nilifungua kinywa niseme neno la kulaumu, lakini yeye akanitangulia: "Baba, matofali ya nyumba yetu yalitoka wapi?"

Nilikaa kimya, kwa sababu nilijua yalikotoka. Yalitoka ukingo kama ule, upande mwingine wa mbuga, na mimi ndiye niliyeyalipia. Siwezi kuwaambia vijana wa Ipuli waache kufyatua, wala wazazi wenzangu walale katika nyumba za nyasi ili nzi wakamatwe na majani. Watu wanataka nyumba. Ninachoweza kusema ni kwamba tulikuwa tunachimba mahali tusipopajua, tukidhani hapana kitu kwa sababu hapana kitu cha kuliwa. Anayejua kilichopo anaweza kusogeza shimo hatua hamsini. Asiyejua hana sababu ya kusogea.

Katika karatasi nyumbani tulikuwa na mbegu za mwaka uliotangulia. Nusu tulizipanda makoponi. Nusu tulizipeleka mahali pengine kando ya mbuga ile ile, ambapo maji yale yale huchuruzika, tukawaomba wenye mashamba ruhusa, tukazinyunyiza. Binti yangu aliwaeleza wafyatuaji mambo ya ulimbo, na mmoja wao aliacha kibao chake akaja kuona kopo letu jioni ile ile. Alikaa barazani muda mrefu akimtazama usubi mmoja akihangaika juu ya jani. Kisha akasema kwamba vimea vile alivikanyaga kila siku.

Basi, ndugu msomaji, mvua zikiwa bado zipo, mchukue mwanao Jumapili moja mwende hadi pale mchanga unapokutana na mbuga. Chutameni. Mkiona mimea michache, iacheni, mwandike mahali ilipo. Mkiona mingi, ngojeni mbegu zikomae, mchukue kiasi kidogo. Waambieni jirani mlichokiona, hasa wale wanaotafuta udongo. Kopo la barazani hufunza mengi, lakini ni shamba dogo mno. Haliwezi kushika nafasi ya ukingo mzima.